TUNDA HALINGOJI

Kila mwaka kaskazi inapoanza kuvuma, miji yetu ya pwani hubadilika rangi na harufu. Maembe yameingia. Tangu Novemba hata Februari dodo na boribo hupangwa mafungu mafungu kando ya kila barabara ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Mananasi ya Kiwangwa hushushwa malorini. Zambarau hupimwa kwa kopo, na watoto watokao shule hufika nyumbani ndimi zimegeuka rangi. Maembe yakiisha na masika yakipita, huja zamu ya machungwa na machenza ya Muheza. Ndivyo mwaka wetu unavyozunguka. Anayetaka kujua tumefika mwezi gani hana haja ya kalenda ukutani. Yatosha autazame mkokoteni wa mchuuzi.

Leo twataka kusema juu ya mkokoteni huo na juu ya yule ausukumaye. Wako watakaouliza: gazeti la chama, lenye mambo mengi makubwa ya nchi ya kuyasema, linatafuta nini katika fungu la maembe? Twawajibu kwamba halipo jambo kubwa la nchi lisiloanza kwa mtu mdogo. Katika fungu moja la maembe wamo mkulima aliyepalilia, mchukuzi aliyebeba, mchuuzi aliyetembea juani na mlaji aliyetoa shilingi yake. Ukitaka kujua kama haki ipo katika nchi, usiulize mahali pa mikutano tu. Uliza pia ile shilingi ya embe imegawanywaje njiani.

Neno letu la leo ni moja, nalo twaomba msomaji alishike mpaka mwisho: tunda halingoji.

Korosho hungoja. Mkulima wa Mtwara aweza kuipeleka ghalani, akapewa stakabadhi yake, mnada ukaitishwa, na bei mbaya ikakataliwa. Mpango huo wa stakabadhi ghalani ulianza huko mwaka 2007, na pamoja na manung'uniko yake yote, msingi wake ni huu: mali ikiwa ghalani haiozi, basi mwenye mali ana nafasi ya kusema "hapana". Kahawa ikikauka hungoja. Pamba hungoja. Mahindi hungoja, ukiyakinga na dumuzi. Mazao hayo yana bodi zake, yana vyama vya ushirika vya miaka mingi, na yanatajwa kila mwaka katika hotuba za bajeti.

Lakini embe lililochumwa leo, kesho limelainika, na keshokutwa ni la nzi. Mwenye tunda hawezi kusema "hapana" zaidi ya siku mbili tatu. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, nao walisema kweli. Lakini walikuwa wakimsema mlaji. Mwuzaji wa mbivu hana nafasi ya kuvumilia. Kwa hiyo kila mtu mwenye nguvu kidogo kumzidi mwenye tunda anaye msaidizi wa bure asiyemlipa mshahara, naye ni jua. Akikaa kimya tu, jua litamfanyia kazi, na jioni mwenye tunda atakuja mwenyewe kumbembeleza. Huo ndio unyonge wa biashara ya matunda, na wanaoutumia wako mahali patatu: shambani, barabarani, na mbele ya fungu lenyewe.

Tuanze shambani.

Jina la Muheza, katika Mkoa wa Tanga, limekuwa kama jina la pili la chungwa. Machungwa ya huko hulishwa Dar es Salaam, na wanunuzi wa kutoka Kenya huvuka mpaka wa Horohoro kuyafuata mpaka chini ya mti. Mtu wa mbali angedhani mkulima wa zao linalokimbiliwa namna hiyo anaishi kwa raha. Sivyo. Wakulima wengi huuza machungwa yangali maua. Mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye mtoto anayetakiwa sare na michango ya shule, hawezi kungoja miezi mpaka mavuno. Mnunuzi huja, hupita katikati ya miti, hutazama juu, hutaja bei, hulipa, huondoka. Mvua ikiwa njema na matawi yakainama kwa uzito, neema hiyo si ya aliyepanda tena. Kwa kahawa ya Kagera mchezo huu unalo jina lake, butura, nao umepigwa marufuku na kukemewa na viongozi hadharani. Kwa chungwa husikii kelele kama hizo.

Na yule aliyeweza kungoja mpaka tunda likaiva hukutana na jaribu la pili, nalo ni tenga. Tenga ni chombo chetu cha asili na hatuna ugomvi nacho. Lakini tenga halina kilo. Mnunuzi hulijaza mpaka likaota nundu, kisha hulihesabu kuwa ni tenga moja. Lumbesa ya viazi na vitunguu imekatazwa kwa sheria ya vipimo, na kila mwaka wakubwa huikemea. Nundu ya tenga la maembe ni ndugu yake lumbesa, mama mmoja baba mmoja. Mkulima anaijua hila hiyo wala si mjinga. Lakini lori limekwisha washwa moto, maembe yamekwisha chumwa, na jua linapanda. Atafanya nini? Tunda halingoji.

Sasa tumfuate mchuuzi mjini.

Hadhi ya mchuuzi wa matunda haifahamiki kwa wengi, kwa sababu wengi hawajafanya hesabu yake. Huamka saa kumi za usiku ili awahi soko la jumla: Mabibo, ambako watu wamepaita Mahakama ya Ndizi, au Temeke Stereo, au Buguruni. Hununua akiwa amewasha tochi ya simu, akibonyeza, akinusa, akikataa. Akikosea katika giza lile, kosa ni lake peke yake mpaka jioni.

Tufanye hesabu ya mfano tu, ili jambo lieleweke. Tuseme amenunua maembe 100 kwa shilingi 400 kila moja. Mtaji wake ni shilingi 40,000. Nauli ya mzigo 3,000, ushuru 1,000, chakula cha mchana 2,000, jumla 6,000. Anayauza kwa 600. Maembe 80 yakitoka kwa bei hiyo atapata 48,000. Ishirini yaliyobaki yamepondeka au yamelegea, na jioni anayatoa kwa 200, apate 4,000. Jumla ya mauzo ni 52,000. Toa mtaji, toa gharama: faida ya siku nzima ya kusimama juani ni shilingi 6,000. Hapo mvua haikunyesha, mtoto hakuugua, na hakuna aliyemfukuza.

Kumbukeni hesabu hii ndogo, maana tutairudia.

Tunafika barabarani. Hapa twaomba tusikilizwe kwa makini na wale waliopewa dhamana ya miji yetu.

Kumfukuza mchuuzi mjini si jambo lililoanza jana. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaita wasiotakiwa. Mwafrika asiye na kazi ya kuandikishwa aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini kwao, hata kama alikuwa akijilisha kwa jasho lake mwenyewe. Machoni pa mkoloni, kazi ilikuwa ni kumtumikia mtu. Kujitumikia mwenyewe, kwa sinia la ndizi au kikapu cha machungwa, kulikuwa ni uhuni. Hilo ndilo wazo tulilolirithi pamoja na majengo ya halmashauri.

Wala haifai kumtupia mkoloni kila kitu. Mwaka 1983, katika nchi iliyokwisha kuwa huru miaka 22, ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na katika misako ya mijini wachuuzi walisombwa pamoja na wazururaji. Baadaye upepo ukageuka. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa malipo ya shilingi 20,000 kila kimoja, na akaagiza wenye vitambulisho wasibughudhiwe. Mwaka 2021 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliagiza machinga wapangwe upya, na mwezi wa Oktoba mwaka huo vibanda vya kando ya barabara za Dar es Salaam viliondolewa, wenyewe wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Sisi si wapinzani wa utaratibu. Mji usio na njia ya miguu ni hatari kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Mtaro uliozibwa na maganda huleta mafuriko, na mafuriko huleta kipindupindu. Tuliona Dar es Salaam mwaka 2015 jinsi maradhi hayo yanavyoanza mtaa mmoja na kuenea nchi nzima. Gari la wagonjwa na la zimamoto lazima lipite. Mchuuzi anayepanga matunda katikati ya njia hana haki ya kufanya hivyo, na akiambiwa asogee na asogee.

Lakini twasema mambo mawili, na twayasema wazi.

La kwanza: mchuuzi wa matunda hapelekwi mahali pasipopita watu, kisha akaambiwa amepewa eneo. Mtu hufunga safari kwenda kununua kitanda. Hafungi safari kwenda kununua chungwa moja la kumenya. Chungwa hununuliwa na mtu aliyekuwa anakwenda zake, akaliona, mate yakamjaa mdomoni. Pale Ilala lilijengwa jengo la ghorofa la Machinga Complex kwa ajili ya maelfu ya wafanyabiashara wadogo, nalo kwa miaka mingi lilikaa na vizimba vitupu. Wachuuzi hawakuwa wakaidi. Walikwenda, wakatazama, wakaona wanunuzi hawapandi ngazi. Shati laweza kungoja mnunuzi wa kesho. Papai haliwezi.

La pili, na ndilo zito zaidi: haifai kumnyang'anya mchuuzi matunda yake. Sheria zetu ndogo za miji hutazama bidhaa zote kwa jicho moja. Mgambo akichukua viatu vya mtu Jumatatu, mwenye viatu akalipa faini Ijumaa, atarudishiwa viatu vile vile. Mgambo akichukua maembe Jumatatu, Ijumaa atarudishiwa nini? Rudini kwenye hesabu yetu. Mchuuzi aliyenyang'anywa saa nne asubuhi, akiwa amekwisha uza maembe 10, ana shilingi 6,000 mfukoni, nazo ni za gharama ya siku. Mtaji wake wa 40,000 umekwenda. Ili aurudishe kwa faida ya 6,000 kwa siku atahitaji karibu siku saba za kazi bila kula faida hata senti moja. Na siku hizo saba atazianzaje, naye mtaji hana? Atakopa kwa riba. Faini ya shilingi elfu chache aliyostahili kwa kusimama mahali pasiporuhusiwa imekuwa ni hukumu ya kumfilisi, na haikutolewa na hakimu yeyote. Na watu wa mitaani huuliza swali ambalo viongozi hawana budi kulijibu: matunda yale yaliyopakiwa ndani ya gari, mwishowe huliwa na nani?

Asiyeona uzito wa jambo hili na aikumbuke Tunisia. Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, kijana wa miaka 26 aitwaye Mohamed Bouazizi, mwuza matunda na mboga kwa mkokoteni, alinyang'anywa mali yake na mizani yake na watu wa manispaa. Alikwenda kulalamika, hakusikilizwa. Akajimwagia mafuta mbele ya jengo la serikali, akajiwasha moto. Alifariki tarehe 4 Januari 2011. Siku kumi baada ya kifo chake Rais Ben Ali, aliyekuwa madarakani tangu mwaka 1987, alikimbia nchi. Hatutaki jambo kama lile kwetu, na Mungu atuepushe nalo. Lakini serikali yenye busara hujifunza kwa moto wa nyumba ya jirani. Wenye silaha na magereza walitikiswa na mkokoteni wa matunda, kwa sababu mamilioni walimtazama kijana yule wakajiona wenyewe.

Sasa tunamgeukia mnunuzi, yaani wewe na sisi.

Ni rahisi kumlaumu dalali, na rahisi zaidi kumlaumu mgambo. Lakini yuko mtu wa tatu anayetumia unyonge wa tunda, naye amevaa vizuri, ametoka kazini, ana haraka. Hufika kwenye fungu saa kumi na mbili jioni. Anajua kuwa mchuuzi hawezi kurudi nyumbani na mzigo. Hutaja nusu ya bei. Akikataliwa huondoka hatua tano, akingoja kuitwa. Anaitwa, na hutoka pale akijisifu kuwa anajua kununua. Mtu huyo huyo jana aliingia duka kubwa lenye taa na kibaridi, akachukua juisi ya pakiti, akalipa bei iliyobandikwa bila kufungua mdomo. Kwa nini dukani ni bubu na barabarani ni wakili?

Hatusemi watu wasipatane bei. Kupatana bei ni desturi yetu, kuna utani wake na heshima yake, na mchuuzi mwenyewe huifurahia: "Mama, chukua hili la nyongeza, kesho uje tena." Hiyo ni biashara ya watu wanaojuana. Tunalokataa ni kumfanya jua kuwa wakala wako dhidi ya mnyonge. Mwenye uwezo wa kulipa bei ya haki asubuhi, na ailipe jioni pia. Ukitaka rahisi, nunua lile lililopondeka kwa bei ya lililopondeka. Ni halali yako, na juisi yake ni tamu vile vile.

Tena tununue kwa msimu. Chungwa la mwezi wa Julai ni rahisi na tamu, kwa sababu ndio wakati wake. Chungwa la kutafutwa nje ya msimu ni ghali na limechumwa changa. Anayekula kwa msimu anakula kilicho bora kwa bei ndogo, na anamwondolea mkulima mzigo wakati mzigo ni mwingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Hizo si anasa za tajiri. Katika nchi yetu mtu wa kima cha chini aweza kuzifikia, madhali fungu la maembe lipo katika njia aipitayo.

Hapa tuna neno na ndugu zetu wachuuzi wenyewe, maana mtetezi asiyesema kasoro za anayemtetea hamsaidii.

Ndugu wachuuzi, wako wenzenu wachache wanaowaharibia jina. Wapo wanaoivisha maembe na ndizi kwa kabaidi, dawa ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ambayo yaweza kuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Tunda hugeuka manjano nje huku ndani likiwa gumu na chachu. Wazee wetu walivundika ndizi kwa majani na joto, na embe kwa mavumbani, na hakuna aliyedhurika. Wapo wanaopanga matunda mazuri juu na mabovu chini ya fungu. Wapo wanaomenya papai na tikiti kwa kisu kilichofutwa kwa kitambaa cha jana, wakaliacha wazi nzi wakae. Mnunuzi aliyeugua tumbo mara moja hatarudi, na atawaambia wengine kumi. Nanyi mnajua kuliko sisi kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Ndoo ya maji safi, sabuni, kifuniko na kapu la maganda ni mtaji, kama yalivyo maembe yenyewe. Na uungwana ni mtaji mkubwa kuliko vyote hivyo.

Lakini na tukiri kwamba usafi unahitaji maji. Mchuuzi anayekimbizwa kutoka pembe hii hadi ile atachimba wapi bomba? Anayetaka wachuuzi wasafi na awape kwanza mahali pa kusimama.

Bado liko jambo moja la kutia uchungu. Pitia mikokoteni ya Dar es Salaam, utakuta, kando ya machungwa yetu, tufaha jekundu linalong'aa, kila moja limebandikwa karatasi ndogo. Limetoka Afrika Kusini. Limepita nchi na mipaka, nalo halijakunjamana. Je, mti wake umebarikiwa kuliko mwembe? Hata kidogo. Tufaha lile limewekwa katika nyumba za baridi na kupakwa nta, na laweza kukaa miezi. Kwa maneno mengine, wenzetu wamelifundisha tunda lao kungoja. Letu bado halijafundishwa, na kwa hiyo linaozea njiani wakati la wageni linang'aa juu ya mkokoteni wetu.

Hatuwachukii watu wa Afrika Kusini. Ni ndugu zetu, na nchi yetu ilibeba mzigo wa ukombozi wao. Lakini udugu una pande mbili. Kwa miaka kadhaa nchi yao ilikuwa haipokei ndizi zetu, na Machi 2025 Malawi nayo ilizuia mazao yetu, ndizi zikiwamo. Aprili 2025 Serikali ya Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya nchi zote mbili. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo kuanza, zuio likaondolewa. Ilikuwa ni mara chache tunda kuzungumzwa kwa sauti ya taifa, na sisi tulifurahi. Lakini zuio haliwezi kuchukua mahali pa nyumba ya baridi. Siku mpaka utakapofunguka pande zote, atakayefaidi ni yule ambaye tunda lake laweza kusafiri.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri wa Ulaya.

Kwanza, kila halmashauri ya mji itenge mahali pa wauza matunda pale watu wanapopita kweli: penye vituo vya mabasi, penye milango ya hospitali, penye njia za shule na viwanda. Pawe na kivuli, bomba la maji na pipa la taka. Vitambulisho vya mwaka 2018 vilionyesha kwamba mtu mdogo yuko tayari kulipa akijua atatulia.

Pili, sheria ndogo zitofautishe kinachooza na kisichooza. Mchuuzi wa matunda aliyekosea aandikiwe faini kwa karatasi yenye jina na muhuri, aambiwe aondoke, na aondoke na mali yake. Tunda la mtu lisichukuliwe tena.

Tatu, tenga lipimwe. Embe na chungwa viuzwe shambani kwa kilo au kwa idadi, na mizani iwe kijijini, mikononi mwa ushirika wa wakulima wenyewe. Wasikubali kuuza maua. Na ili wasilazimike, ushirika uwe na mfuko wa kumkopesha mwanachama mwenye shida. Serikali ikitaka inaweza: mwaka 2017 iliondoa ushuru wa mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine, na wadogo wengi walipumua.

Nne, tunda lifundishwe kungoja. Vyumba vya baridi na viwanda vya juisi vijengwe karibu na miti, Muheza na Kiwangwa. Mkulima mwenye mahali pa kuhifadhi ana neno la kusema. Ataweza kumtazama mnunuzi machoni, na kwa mara ya kwanza kutamka "hapana".

Hayo ni ya Serikali na ya halmashauri, nasi tutayasema tena na tena mpaka yasikike. Lakini liko moja lisilongoja mkutano wala bajeti, nalo ni letu sote. Mwanachama, leo ukitoka kazini, simama kwenye mkokoteni. Msalimu mchuuzi kama unavyomsalimu mwenye duka. Uliza maembe yametoka wapi. Chagua, lipa bei ya haki, na usingoje jua likupunguzie. Ukimwona ananyang'anywa mali yake, usipite kama usiyeona. Simama, uliza kwa adabu amri imetoka wapi, na jina la aliyeitoa ni nani, kisha ulete neno hilo tawini.

Nyerere alitufundisha kwamba heshima ya mtu haitokani na mali aliyo nayo. Basi tuanze kuitoa heshima hiyo pale tulipozoea kuinyima, mbele ya fungu la maembe. Mkulima amekwisha fanya kazi yake, mchuuzi naye ameamka saa kumi. Zamu iliyobaki ni yetu, na tunda halingoji.